Kitabu cha Pili Si Mwana, Ni Mpwa

Lipo neno moja ambalo kila mwandishi aliyepata kuendeleza hadithi yake katika kitabu cha pili au cha saba hulisikia kabla wino haujakauka: "Hiki si kama kile cha kwanza." Neno hili ni fupi, ni jepesi kinywani, na mwenye kulisema hudhani kuwa amekwisha kutoa hukumu. Nathubutu kusema kwamba hajahukumu lo lote. Ametoa taarifa tu, na taarifa yenyewe ni ya kweli daima, maana hakuna kitabu kilicho sawa na kingine. Lakini nathubutu kusema pia, nisije nikahesabiwa miongoni mwa wenye kiburi, kwamba msomi anayemjibu msomaji huyo kwa kumwambia "Hukuandikiwa wewe" amekosa zaidi. Wa kwanza ameyakatisha mazungumzo mapema. Wa pili amemfukuza mzungumzaji.

Makosa haya mawili niliyaona siku moja, mahali pamoja, na la pili nililitenda mwenyewe.

Tulikuwa watu wachache mjini Morogoro, wanafunzi na walimu, tuliozoea kukutana jioni chini ya mwembe kuzungumza juu ya vitabu. Hatukuwa chama, wala hatukuwa na katiba. Tulikuwa na nakala nne zilizochakaa na watu kumi wa kuzisoma kwa zamu. Mbele yetu milima ya Uluguru ilisimama, na wingu lake la kila siku limetua juu ya Lupanga. Mwezi mmoja tulisoma Nagona, kitabu alichokitoa Euphrase Kezilahabi mwaka 1990; mwezi uliofuata tukasoma Mzingile, kilichotoka mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, lakini aingiaye ndani yake huiacha mlangoni dunia aliyoizoea. Humo mtu husafiri katika nchi isiyopatikana katika ramani. Wanafalsafa wa Ulaya waliokwisha kufa zamani huonekana njiani. Na wakati haufuati kalenda ya mtu ye yote.

Juu ya Nagona watu waligombana kwa furaha. Juu ya Mzingile waligombana kwa hasira. Mmoja alisema kwamba mwandishi amerudia safari ile ile: mtu anatembea, anakutana na mzee, anatembea tena. Mwingine alisema kinyume chake, kwamba huu si mwendelezo kabisa, kwa kuwa aliowapenda katika kitabu cha kwanza hakuwaona katika cha pili. Wa tatu, kijana aliyekuwa akisomea kilimo, alisema maneno ambayo sijayasahau: "Kitabu cha kwanza kiliniahidi ngoma. Cha pili kimenipa majivu."

Hapo mimi, niliyekuwa mwalimu na niliyejiona mwenye kitu cha kulinda, nilimjibu kwamba vitabu vya namna hii havikuandikwa kwa ajili ya watu wasiojua falsafa. Hakubisha. Alifunga daftari lake, akaaga kwa adabu, na jioni iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Insha hii ni jibu ambalo ilinipasa kumpa siku ile.

Nianze na kosa la wasomaji, maana ndilo lililo kubwa kwa hesabu ya watu. Msomaji anayetaka kitabu cha pili kiwe na uso wa kitabu cha kwanza anadhani kwamba vitabu hurithiana kama baba na mwana, na kwamba tuna haki ya kulalamika tusipoona pua ya baba usoni pa mtoto. Mfano huu unatupoteza. Wenyeji wa milima ile tuliyokuwa tukiitazama wana mfano ulio bora zaidi. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni ya ukoo huo. Kwa hiyo, kwa desturi ya asili, cheo cha mtu hakimwendei mwanawe wa kumzaa bali humwendea mpwa wake, mtoto wa dada yake. Huko Kinole, upande wa mashariki wa milima, jina la Kingalu limepokezanwa vizazi kwa vizazi na wakuu waliosifika kwa habari za mvua. Kila aliyekalia kiti kile aliitwa Kingalu. Hakuitwa hivyo kwa kuwa alifanana na aliyemtangulia. Aliitwa hivyo kwa kuwa kazi ya jina lile ilikuwa imewekwa juu ya kichwa chake.

Watu walimpima kwa nini, basi? Si kwa sura. Mkulima aliyepanda mtama wake na kutazama mbingu hakuwa na haja ya kujua kama Kingalu mpya ana kimo cha mjomba wake. Alitaka kujua kama jina lile bado lina mwenye kulibeba. Ndivyo kilivyo kitabu cha kufuatia. Ni mpwa: amelala katika tumbo jingine, amenyonya ziwa jingine, ana damu ya upande ambao mjomba hakuwa nayo, lakini amepokea jina, na pamoja na jina amepokea madeni. Msomaji anayo haki kamili ya kumdai mpwa madeni hayo. Hana haki ya kumdai sura.

Nasema madeni, nami sisemi kwa mzaha. Kila kitabu cha kwanza cha maajabu humwachia msomaji ahadi. Kitabu cha mambo ya kawaida chaweza kufungwa na kuisha, kwa sababu dunia inayosimuliwa humo inaendelea nje ya mlango wetu. Tukitaka kujua soko la Kariakoo lilivyo leo tutakwenda kulitazama. Lakini nchi ya maajabu haipo po pote isipokuwa katika maneno ya mwandishi. Asipotuambia nini kilitokea, hatuna wa kumwuliza. Ndiyo sababu wasomaji wa hadithi za namna hii hukasirika kuliko wasomaji wengine, nami sioni kwamba hasira yao ni ya kitoto. Wametoa amana, na benki ni moja tu.

Basi kipimo ninachokipendekeza ni hiki, nacho kina maswali matatu. Kitabu cha kwanza kilibaki na deni gani? Kitabu cha pili kimelilipa kwa sarafu gani? Na je, kimeacha deni jipya linalostahili kungojewa? Asiyejibu maswali haya, awe amesifu au amelaumu, bado hajakihakiki kitabu.

Tukitwae kipimo hiki tukiweke juu ya Mzingile. Nagona inatuacha na nini? Inatuacha na ngoma kuu na tumaini la mkombozi wa pili. Hilo ni deni kubwa. Pengine hakuna kubwa kuliko hilo ambalo mwandishi aweza kujitwika, kwa kuwa aliyeahidi mkombozi hawezi kulipa kwa harusi au kwa hazina iliyofukuliwa. Kisha tunafungua Mzingile, nasi tunamkuta mjumbe mwenye habari ya msiba: anakwenda kwa mzee, Kakulu, kumpasha kwamba mtoto wake amekufa. Mbele zaidi tunaikuta dunia iliyoteketezwa, na mtu anatembea juu ya mabaki yake.

Yule aliyesema kwamba huu si mwendelezo, kwa sababu hakuwaona watu aliowazoea, alitazama sura akaacha kutazama deni. Watu hawapo, lakini swali lipo, tena limesogezwa mbele mpaka mahali pa maumivu: mmengoja wa kuwaokoa; je, mtafanya nini mkiambiwa kwamba amekufa, na kwamba aliye juu ya kilima ameisikia habari hiyo? Huo ni mwendelezo wa karibu kuliko ule ambao ungewarudisha wachezaji wote wa ngoma na kuwachezesha tena.

Na yule aliyesema kwamba safari imerudiwa, ana nusu ya haki, nami nampa nusu yake. Ni kweli kwamba mwendo wa msafiri na wazee anaokutana nao unafanana katika vitabu vyote viwili. Lakini jina la kitabu limekwisha kumwonya. Mzingile ni njia zinazopindana na kurudi zilikotoka; aliyeingia mzingile akalalamika kwamba amepita pale pale mara mbili amelalamika juu ya jambo lililoandikwa mlangoni. Hata hivyo, onyo si udhuru wa kila kitu. Ziko kurasa katika kitabu kile ambazo mwandishi anasema kwa mafumbo jambo alilokwisha kulisema kwa mafumbo, na msomaji aliyechoka hapo hakuchoka kwa ujinga. Ningependa kusikia ni kurasa zipi. Tukizitaja, tutakuwa tumeanza kazi.

Ama yule kijana wa majivu, huyo hakukosea hata kidogo; yeye peke yake ndiye aliyetaja deni na malipo. Aliahidiwa ngoma, akapewa majivu. Ni maoni mafupi, na ndani yake mna swali la kwanza na la pili yote mawili. Kilichobaki ni la tatu, nalo lilikuwa zamu yangu kuliuliza, nami nikashindwa. Ningemwuliza: Wewe unayesomea kilimo, na uliyeona mashamba ya mlimani yakichomwa kabla ya kupandwa, majivu ni mwisho wa shamba au ni nini? Kwa maana Mzingile haiishii katika uteketezwaji. Inaishia katika dalili za maisha yanayoanza upya. Kama dalili hizo zinatosha kulipa deni la mkombozi, mimi nasema zinatosha kwa shida. Yeye pengine angesema hazitoshi, na angeweza kunishinda. Hatutajua, kwa kuwa nilimfunga kinywa.

Sasa nije kwa wasomi wenzangu, ambao hasira yangu juu yao ni kubwa zaidi kwa kuwa inaanzia kwangu. Desturi yetu ni kwamba msomaji akilalamika juu ya kitabu kigumu, tunamhesabia elimu aliyoikosa. Tunamtajia Nietzsche na Hegel, tunamwuliza kama amewasoma, naye akisema hapana tunaona shauri limekwisha. Kwa njia hii tumekifanya kitabu cha Kiswahili kuwa nyumba ambayo ufunguo wake umewekwa Ulaya. Hilo ni tusi kwa msomaji, na ni tusi kwa mwandishi pia, kwa sababu Kezilahabi aliyezaliwa Ukerewe na kuandika riwaya zake kwa Kiswahili alikuwa na lugha nyingine za kuandikia kama angalitaka wasomaji wengine.

Tena si kweli kwamba maajabu ni mageni kwetu yakahitaji mkalimani. Shaaban Robert aliitundika nchi nzima angani katika Kusadikika mwaka 1951, na mwaka uliofuata, katika Adili na Nduguze, akawageuza ndugu wawili kuwa manyani. Kufikirika yake ikatoka mwaka 1967, baada ya kufa kwake. Katama Mkangi alitupeleka Walenisi mwaka 1995. Said Ahmed Mohamed alimtoa babu kaburini katika Babu Alipofufuka mwaka 2001. Ukivipanga vitabu hivi katika rafu moja, utaona kwamba huo wenyewe ni mfululizo mrefu wenye waandishi wengi, na Mzingile ni fungu lake moja la baadaye. Wasomaji wengi waliokisoma kitabu hicho wamepita katika baadhi ya vitabu vile shuleni. Hawakuja mikono mitupu.

Na wasomaji wa Morogoro wana jambo la ziada. Ndani ya milima ile, upande wa Kolero, kuna habari za Kolelo, zinazosimuliwa pamoja na pango na nyoka mkubwa. Watu wa Uluguru, na Wazaramo kutoka mbali, walituma wajumbe huko kuomba mvua na mavuno na kurudi na neno. Mwandishi Hammie Rajab aliuchukua mlima huo akauingiza katika riwaya yake ya Miujiza ya Mlima Kolelo, kitabu cha aina ambayo watu huisoma katika basi nasi huificha tunapoingia ofisini. Lakini Kolelo ninayemtaka hapa ni yule wa kabla ya vitabu. Miaka mingi neno lililotoka kwake lilikuwa la mvua na shamba. Mwaka 1905, wakati Vita vya Maji Maji vilipokuwa vikichemka, jina lake likaanza kutajwa Uzaramo pamoja na neno jingine: kodi ya Wajerumani isilipwe.

Tazama hali ya msikilizaji wa siku ile. Alikuwa na hadithi ya zamani aliyoiamini. Sasa limekuja fungu jipya, nalo halifanani na la kwanza. La kwanza lilisema habari za jembe, la pili linasema habari za dola. Ilimpasa kuamua kama neno jipya ni mpwa wa kweli wa neno la kale au ni mgeni aliyevaa jina lake. Wako walioamini, wako waliositasita. Hukumu ile haikuwa ya kupoteza wakati chini ya mwembe. Mwisho wake ulikuwa uhai wa mtu na ghala la watoto wake, maana vita vile vilivyodumu mpaka mwaka 1907 viliacha nyuma njaa iliyoua wengi kuliko bunduki. Watu wa namna hiyo, waliopima mwendelezo wa ajabu kwa gharama ya maisha, ndio mababu wa vijana tunaowaambia leo kwamba hawana elimu ya kupima kitabu cha kurasa chache.

Nimesikia ikisemwa kwamba maoni ya wasomaji ni kelele, yanabadilika kila mwaka, na kwamba uhakiki hauwezi kujengwa juu ya mchanga. Kwamba yanabadilika, nakubali. Na mfano ulio karibu ni wa mwandishi huyu huyu. Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, ilipata kukatazwa mashuleni, na baadaye ikaja kukubaliwa. Kichomi, mashairi yake ya mwaka 1974 yasiyofuata vina na mizani, yaliwatenga wapenzi wa ushairi katika kambi mbili zilizorushiana maneno kwa miaka. Je, tuseme kwamba waliolalamika walikuwa kelele? Mimi nasema wao ndio waliovifanya vitabu vile kuwa tukio. Kitabu kilichopokewa kwa ukimya wa heshima hakina adui, lakini hakina rafiki pia. Maoni yanayobadilika ni dalili ya watu wanaosoma mara ya pili.

Jambo hili linanileta kwenye hoja ambayo pande zote mbili huisahau. Kitabu cha pili hakimkuti msomaji yule yule. Kinamkuta msomaji aliyefundishwa na kitabu cha kwanza. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitupa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya hadithi hiyo kushinda katika mashindano ya uandishi. Na jina lake lenyewe lilitosha kumtia mtu baridi. Katika kitabu hicho Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, alitafuta mkono wa binadamu nyuma ya mzimu. Mwaka 1968 kikaja Kisima cha Giningi, nako Giningi katika maneno ya Waunguja ni mji wa wachawi. Ahadi ni ile ile, hofu ni ile ile; lakini msomaji si yule. Huyu wa sasa amekwisha kumjua Bwana Msa. Anapolisikia jina la Giningi hatetemeki. Anaanza kutafuta kamba na alama za viatu. Mwandishi hawezi kumtisha tena kwa njia ya kwanza hata angeandika vizuri mara mbili. Vitabu vya Bwana Msa vilifika saba, mpaka Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984, na kila kimoja kilipaswa kumwandikia msomaji mjanja kuliko yule aliyetangulia.

Basi unaposema "hiki si kama kile cha kwanza", jiulize kwanza kama wewe bado u kama yule wa kwanza. Yamkini kitabu kimesimama palepale, na aliyeondoka ni wewe. Na hapo tunaona kwa nini kufanana, ambako wasomaji hukudai, mara nyingi ndiko kuharibika kwenyewe. Kitabu cha pili kinachorudia kila kituko cha cha kwanza, kwa kuwa cha kwanza kiliuzwa, kinamwandikia msomaji ambaye hayupo tena. Kimelipa deni la jana kwa noti iliyokwisha kutolewa katika mzunguko. Kitabu hicho ndicho kinachostahili hasira, nacho ndicho aghalabu kinachosifiwa.

Wala tusidhani kwamba kuwasikiliza wasomaji ni kumtia mwandishi kamba shingoni. Cervantes wa Hispania alitoa fungu la kwanza la Don Quixote mwaka 1605. Mwaka 1614 mtu mwingine, aliyejificha chini ya jina la Avellaneda, akatoa fungu la pili la kughushi. Cervantes akatoa la kwake mwaka 1615, na alifanya nini? Aliwaingiza wasomaji ndani ya kitabu. Katika fungu hilo Don Quixote na mtumishi wake wanaambiwa kwamba habari zao zimekwisha kupigwa chapa, na kwamba watu wanalalamika: kwa nini hadithi nyingine iliyoingizwa katikati haihusiani na lo lote, na yule punda aliyeibwa aliendaje kuonekana tena bila maelezo? Mwandishi hakuwadharau wala hakuwatii. Aliyafanya malalamiko yao kuwa unga wa mkate mpya, na wengi hadi leo hulihesabu fungu lile la pili kuwa bora kuliko la kwanza. Mpwa yule alikuwa na damu ya wasomaji ndani yake.

Nataka nini, basi? Nataka mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, msomaji ambaye kitabu cha kufuatia kimemchukiza asitosheke na kutikisa kichwa. Ataje deni. Aseme: katika ukurasa huu niliahidiwa jambo hili, nami nimefika mwisho sijalipwa. Akisema hivyo, hakuna profesa mwenye haki ya kumwuliza cheti.

La pili, mwalimu akisikia lawama kama hiyo ajibu kwa kitabu, asijibu kwa majina ya watu. Kama deni limelipwa, aonyeshe lilipolipwa. Kama halikulipwa, akubali, hata kama mwandishi ni mkubwa. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na tangu hapo naona tumeanza kumzungumza kwa sauti ya chini kama watu walio msibani. Mwandishi aliyewachokoza wasomaji kwa miaka hamsini haheshimiwi kwa kunong'onezwa.

La tatu, majarida kama hili yasiwe baraza la wahakiki peke yao. Miaka thelathini na zaidi imepita tangu Mzingile itoke, na maandishi ya wataalamu juu yake ni mengi kuliko mtu aweza kuyabeba kwapani. Lakini yako wapi maneno ya mwanafunzi wa kilimo, ya muuguzi, ya karani, ya mwalimu wa msingi wa Matombo au Mgeta, aliyekisoma kwa taa ya mafuta akakasirika? Hayakuandikwa. Yalisemwa chini ya miembe yakaondoka na upepo. Mtu atakayeandika historia ya fasihi yetu miaka mia ijayo atajua tulichofundishwa kuhisi, lakini hatajua tulichohisi. Kila toleo litenge kurasa chache za wasomaji wasio na vyeo, kila mmoja na kitabu chake na ukurasa wake, na mhariri asiwasahihishe isipokuwa tahajia.

Najua nitaambiwa kwamba kwa kufanya hivi tutafungua mlango kwa kila mropokaji. Na wafunguliwe. Mropokaji aliyeombwa kutaja ukurasa huwa ama ananyamaza ama anakuwa mhakiki, na sisi tunahitaji wote wawili wapungue katika hali waliyo nayo sasa.

Kikundi chetu kiliendelea miezi michache baada ya siku ile, kisha kikafa kama vinavyokufa vikundi vya namna hiyo. Katika nakala zetu nne zilirudi tatu. Ya nne ni ile ya Mzingile aliyokuwa akiisoma yule kijana. Simdai. Nadhani mtu hakai na kitabu ambacho amekwisha kukihukumu. Hukaa na kile ambacho bado anakidai jambo. Kama angali anakidai, na kama insha hii itamfikia, kurasa hizi ni zake kwanza kabla ya kuwa zangu: aandike ni majivu gani aliyoyaona, na katika ukurasa wa ngapi.